Pweza Mweupe wa Kasongo

Prefe, mkuu wa shule yetu, alinishika mguu akaniambia, "Papa Saidi, bila weye hizi bokali zitakufa," nami nikajibu, "Basi nitabaki." Lori la kwenda Kindu lilikuwa limekwisha kuwashwa. Mahali pangu juu ya magunia ya mchele palikuwa pametandikwa turubai. Mbele ya Kindu kulikuwa na ndege ya Kinshasa, mbele ya Kinshasa kulikuwa na Moanda, na Moanda iko pale pale ambapo nchi yetu inaloweka miguu baharini. Nikachukua mfuko wangu, nikashuka. Nilipaswa kumwambia hapana, kwa heshima zote, kisha nikae juu ya mchele wangu.

Lakini msianze kunihurumia mapema, wajukuu zangu, kwa sababu sijui mtu aliyecheka kazini kama mimi.

Kazi yangu kwa Kifaransa iliitwa preparatere, yaani mtu anayemtayarishia mwalimu wa biolojia vitu vya somo na kuviosha baadaye. Mwalimu akiugua malaria, preparatere ndiye anayefundisha, na walimu wetu waliugua sana. Katika labo, maabara yetu, kulikuwa na kabati kubwa la vioo. Ndani yake walikaa wanyama wa baharini, kila mmoja kwenye bokali yake, chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akielea ndani ya dawa inayozuia kuoza, formoli. Mapadri wa zamani ndio waliowaleta. Kutoka Kasongo, mtu akitaka kuiona bahari lazima avuke nchi nzima. Sisi tulikuwa nayo kabatini, vipande vipande.

Aliyenifundisha kazi ni Mze Kalonda, mtu mfupi wa kabila la Wazimba aliyekuwa preparatere kabla yangu. Siku ya kwanza nilifungua bokali na kuingiza pua ndani, nijue kuna nini. Machozi yalinitoka kama niliyefiwa. Mze Kalonda alicheka mpaka akakaa chini.

"Weye mutoto, hii hainuswi kama supu," akasema. "Fungua, weka mbali, vuta harufu na mukono kidogo kidogo. Pua iko moja tu."

Alinifundisha mengine pia. Samaki mkubwa usimtumbukize hivi hivi, kwa sababu tumbo linaoza kabla dawa haijafika. Mchome sindano tumboni kwanza. Mfuniko upake mafuta ya mgando ukingoni, usije ukang'ang'ania. Na jina la mnyama, kwenye karatasi inayozama naye ndani ya dawa, liandikwe kwa kalamu ya risasi, ya wino hapana. Hilo la mwisho nililidharau. Nilikuwa na diploma ya sekondari na kalamu ya wino niliyopewa na mjomba. Nikaandika majina yote upya, mazuri, yenye mikia. Baada ya muda wino ukaoga katika dawa na majina yakaondoka. Nikabaki nikikisia. Ndiyo maana kuna wazee wenzangu hapa Kasongo, watu wenye heshima, ambao mpaka leo wanaamini kwamba jongoo bahari ni kipande cha utumbo wa nyangumi. Niliwafundisha mimi.

Lakini yaliyokuwa kweli yalinitosha kulewa bila kunywa. Pweza ana mioyo mitatu. Mitatu, na damu yake ni ya buluu. Hana mfupa hata mmoja, basi anapita kwenye tundu dogo kama maji. Anaonja kwa mikono: kila kinyonyo kwenye mkono kinajua utamu wa kitu kinachokigusa. Fikirini mnapita soko la Kasongo mkishika ndizi, samaki mkavu, mawese, na mmekwisha kuonja vyote kabla ya kuuliza bei. Kiti cha pweza, yule mwenye mikono mitano kama nyota, akimpata chaza anamfungua kidogo tu, kisha anatoa tumbo lake mwenyewe nje, analiingiza ndani ya nyumba ya chaza, anakula, halafu analirudisha. Nilipolieleza hilo darasani, msichana mmoja alisema, "Kumbe huyo kwenye arusi anaweza kula bila kualikwa, anabaki tu mulangoni." Darasa likavunjika mbavu. Msichana huyo jina lake Zawadi. Mkumbuke.

Kisha kulikuwa na farasi wa baharini, mdogo kama kidole, ambaye jike lake linatia mayai katika mfuko ulio tumboni mwa dume, na dume ndilo linalobeba mimba na kuzaa. Nikalifundisha hilo, na kesho yake asubuhi baba mmoja alinisubiri kwenye mlango wa labo, fimbo mkononi.

"Ni weye unafundisha watoto yetu kama baba anazaa?"

"Ni samaki, Papa. Samaki mumoja tu."

"Bibi yangu amelala mukeka ya peke yake tangu jana. Anasema anangoja zamu yangu."

Nikamwonyesha bokali. Aliinama, akamtazama yule dume na tumbo lake lililofura. Mwishowe aliweka fimbo chini.

"Masikini ya Mungu," akasema. "Na alisaidiwa na nani?"

Ikaja miaka ambayo barabara zilifungwa na formoli ikakosekana. Kwenye bokali dawa ilikuwa ikipungua, na kichwa cha pweza kikaanza kuchungulia nje kama mtu anayetafuta chombo cha kuvukia. Nilikwenda kwa Mze Kalonda, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu. Alinijibu bila kuinua macho kwenye sahani yake ya majani ya muhogo, sombe: "Pombe kali nayo inazuia kuoza. Enda kwa Mama Feza."

Mama Feza alipika lutuku, ile pombe ya mahindi na muhogo inayochuruzika tone kwa tone kwenye bomba, upande wa barabara ya Nyangwe. Mimi ni mtoto wa nyumba ya Kiislamu ya Wamaza, huko Kabambare. Sikuwahi kukanyaga kiwanja chake. Nilikwenda asubuhi, na kwa ujinga wangu nilikwenda moja kwa moja kutoka msikitini, kofia kichwani.

"Karibu, Shehe," akasema Mama Feza. "Leo dunia inaisha?"

"Ninatafuta lutuku, Mama. Ile inatoka ya kwanza, ya nguvu."

"Ya nani?"

"Ya pweza."

"Anakaa mutaa gani? Miye ninajua walevi wote ya Kasongo."

"Ni munyama wa bahari. Iko ndani ya chupa. Alishakufa."

"Alikufa na pombe?"

"Alikufa zamani. Anahitaji tu kulala ndani yake."

"Ah," akasema Mama Feza, akichukua bidoni, dumu lake. "Basi huyo ni bwana yangu."

Nilifanya kama Mze Kalonda alivyonifundisha. Unamimina kijiko kimoja na kuwasha kibiriti. Moto ukiwa wa buluu na kijiko kikabaki karibu kikavu, chukua. Moto ukizimika na kuacha maji, rudisha, hata muuzaji akikutukana. Mama Feza alinitukana mara mbili, kisha akaniletea ile aliyokuwa akiificha.

Habari zilinitangulia kwa imamu. Alikuja labo mwenyewe baada ya sala ya adhuhuri, uso umekunjamana. Nikamwonyesha pweza katika lutuku. Nikamwambia habari za mioyo mitatu, na damu ya buluu, na mikono inayoonja. Alisimama pale muda mrefu, akisema Subhanallah, Subhanallah, kwa sauti ndogo. Juma lililofuata alirudi na wanafunzi wake wote wa madarasa ya Kurani, wamepanga mstari, wameoga.

Aliyeniharibia ni Mwamba, mlinzi wa shule. Asubuhi moja nilikuta pweza amekaa kwenye kitako cha bokali, mkavu, mikono imekunjwa kama mtu aliyeibiwa. Mwamba naye alikuwa amekaa nje ya mlango, naye kama mtu aliyeibiwa.

"Mwamba, umekunywa pweza?"

"Maji yake tu," akasema. "Iko na chumvi kidogo."

Vijana, sikilizeni hapa bila kucheka. Ndani ya mwili wa mnyama yule kulikuwa na mabaki ya formoli, na formoli ni sumu. Mwamba alitapika siku nyingi, nasi tukadhani tutamzika. Alipopona alianza kumwita pweza shemeji, na kila akipita kwenye kabati alimsalimu. Tangu siku hiyo prefe aliamuru funguo za labo zikae kwangu peke yangu, shingoni, kwenye kamba. Nilizionea fahari sana zile funguo.

Sasa niwaambie kosa langu kubwa la kufundisha, ambalo halikutokana na wino. Wanyama wote wa kabati lile walikuwa weupe. Pweza alikuwa mweupe, kaa mweupe, farasi wa baharini mweupe, wote rangi ya muhogo uliochemshwa. Mimi nilikuwa na akili, na mwenye akili hawezi kuona jambo bila kulitafutia sababu. Nikatunga sababu. Nikawafundisha wanafunzi kwamba bahari ni yenye kina kirefu, jua halifiki, basi wanyama wake ni weupe kama majani yanayoota chini ya jiwe. Nililieleza vizuri. Nilileta hata majani yenyewe na jiwe lenyewe. Ukutani mwa labo tulibandika mchoro mkubwa wa bahari, kazi ya darasa zima, na katika mchoro ule hapakuwa na rangi ila buluu ya maji. Wanyama tuliwaachia karatasi tupu.

Ndipo akaja Madamu Mbuyi. Alikuwa profesa wa wanyama wa majini kutoka Kinshasa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na alikuja Nyangwe kuchunguza samaki wadogo wa mto Lualaba. Aliomba shule imwazime mtu anayejua kutunza samaki katika dawa. Nikaenda. Tulikuwa tukishinda ndani ya mtumbwi tangu ukungu unapoinuka, na wavuvi wa Nyangwe walituletea kila walichokinasa. Siku moja alishika kisamaki cheupe chenye kung'aa, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Unamfahamu?"

"Ni kama ndagala, Madamu. Ile tunakula na wali."

"Ni ndugu yake. Na babu ya babu yao alitoka baharini."

"Na miguu?"

"Na mapezi, Papa Saidi. Walipanda mito, kizazi baada ya kizazi, zamani kabisa, kabla watu hawajakuwa. Wengine wakazoea maji matamu, wakabaki. Ndagala ya Tanganyika ni mutoto wa bahari."

Nilianza kucheka, na sikuweza kuacha. Mtumbwi ukatikisika, mpiga kasia akatukana kwa lugha ya kwao. Nilikuwa nikimfikiria mama yangu kule Wamaza, akipukuta mchanga kwenye ndagala kavu na kulalamika kwamba soko limemwibia, huku mkononi ameshika wajukuu wa bahari. Sote tulikuwa tumeila bahari tangu utotoni na kuipangusa midomoni.

Kazi yake ilipokwisha, Madamu Mbuyi alipita shuleni kuona kabati letu. Akasimama mbele ya mchoro ukutani.

"Mbona wote weupe?"

Nikampa maelezo yangu yote, kina, jua, majani, jiwe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema taratibu, "Papa Saidi, ni dawa. Formoli na pombe zinakula rangi. Hawa walikuja hapa na rangi zao, zikaisha ndani ya chupa."

"Pweza si mweupe?"

"Pweza akiwa mzima hana rangi moja ya kukaa nayo. Ngozi yake imejaa vifuko vidogo vya rangi, anavifungua na kuvifunga anavyotaka. Akikaa juu ya jiwe, anakuwa jiwe. Akikaa kwenye mchanga, anakuwa mchanga. Akikasirika, anawaka. Hata akilala, rangi zinapita juu yake kama kivuli cha wingu. Wengine wanafikiri anaota."

"Akiwaka, anakuwa rangi gani?"

"Siwezi kukuambia. Hiyo lazima uone mwenyewe. Kiangazi ninapeleka wanafunzi Moanda. Utakuja nasi."

Kuanzia siku hiyo nilikuwa kama mwali. Nilinunua sandali za plastiki kwa ajili ya maji ya chumvi, nikazivaa nyumbani kuzizoesha. Niliwauliza wanafunzi wakisie rangi ya hasira ya pweza, na Zawadi, binti ya Mama Feza, alisema itakuwa kama mama yake mteja anapoipima lutuku yake kwa kijiko na kibiriti. Mze Kalonda alikuwa na ombi moja tu: "Ukifika, onja kidogo. Uniambie kama kweli iko chumvi, ao mapadri walitudanganya."

Na siku ya safari, pale kwenye maegesho ya malori, prefe akaja mbio, tai imegeukia mgongoni. Alisema ni kiangazi, pombe inapanda hewani, nani atajaza bokali? Alisema Mwamba yuko pale pale na kiu yake. Alisema wakaguzi watakuja. Mimi bado nilikuwa nimekaa juu ya magunia. Kisha akasema kwamba ameomba nipewe cheo kipya, si preparatere tena, ila konservatere, mtunzaji mkuu wa makusanyo ya viumbe vya bahari. Neno lilikuwa refu, na ndani yake nililiona jina langu limekaa vizuri.

Nikashuka.

"Papa Saidi," Madamu Mbuyi akaniita kutoka mbele ya lori, "hizo bokali zitangoja."

"Bahari nayo itangoja, Madamu. Haina mahali pa kwenda."

Mama Feza alikuwa pale akipakia mizigo ya ndugu yake. Aliniangalia, mimi na mfuko wangu na sandali zangu mpya.

"Saidi, weye mujinga," akasema. "Kitu kimeshakufa, unakiogopea kifo?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Kiangazi kile hakuna bokali iliyopungua hata tone, na wakaguzi hawakuja.

Mwaka uliofuata barabara ilikuwa mbaya. Mwaka mwingine mke wangu alikuwa mgonjwa. Kisha ikaja vita, na hakuna aliyekwenda popote ila porini. Watu wenye silaha walilala shuleni, wakanywa kabati lote, wakatupa wanyama nje. Niliporudi niliwakuta kwenye majani, wamekauka, hata mbwa hawakuwataka. Pweza nilimtambua kwa mikono yake. Nilimzika nyuma ya labo, na Mwamba alinisaidia kuchimba, akasema, "Lala salama, shemeji." Tulicheka hata siku hiyo, nawaapia. Madamu Mbuyi sikupata habari zake tena. Mze Kalonda alikufa bila kujua kama kweli kuna chumvi.

Niliendelea kufundisha mpaka nilipostaafu, na bila bokali nilifundisha vizuri zaidi, kwa mikono na kwa kusimama juu ya benchi. Nilikuwa pweza, nilikuwa kaa, nilizaa kama farasi wa baharini mbele ya darasa, nao wakanipigia makofi. Wakiniuliza rangi nilisema, "Mkienda mtaniambia."

Zawadi alikwenda. Yule wa arusi na mlango, binti ya Mama Feza, alisoma mpaka akafika baharini, na kazi yake sasa ni kushuka chini ya maji na chupa ya hewa mgongoni na kuwatazama wanyama wakiishi. Mwaka huu amerudi Kasongo kumsalimu mama yake, na alasiri moja wakaja wote wawili nyumbani kwangu, Mama Feza akitembea na mkongojo na bado akinitukana tangu barabarani.

"Mwalimu," Zawadi akasema, "nimekuletea shemeji ya Mwamba. Muzima."

Akanipa simu. Niliisogeza mpaka puani. Macho yangu yana presha. Daktari wa Kindu alinieleza kwamba kilichopotea hakirudi. Rangi ziliondoka kwanza. Hata haya ninayaandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za bango, na Zawadi ameahidi kuyapiga safi. Lakini kwenye kioo kile kidogo kitu kilitembea, na nilikijua. Nilijua jinsi mkono unavyotoka chini ya kichwa. Nilikuwa nimeujazia lutuku mkono ule miaka mingi.

"Sasa anakaa juu ya jiwe," Zawadi akasema. "Tazama, tazama."

"Amepotea," Mama Feza akasema. "Ameenda wapi? Oh, ni ile jiwe. Muchawi huyu."

"Mama, ngoja. Kuna kaa anakuja kumusumbua. Sasa anakasirika."

"Yee," Mama Feza akasema. Kisha maneno yakaja yote pamoja. "Nyekundu. Hapana, mawese inachemka. Hapana, Saidi, ni kama kitenge yangu ya Noeli, ile unajua."

"Kitenge gani, Mama?"

"Ile yenye maua."

"Maua ya rangi gani?"

"Ya rangi ya hiyo pweza," akasema, na sisi watatu tukacheka mpaka mkongojo wake ukaanguka. Zawadi alirudisha picha mwanzo, mara nyingi, kila nilipoomba, na mama yake akanieleza kila mara rangi tofauti, na kila mara nilimwamini.

Nilishuka kwenye lori ili nilinde bokali, na bokali hazipo. Pweza alikuwa mkononi mwangu, mzima, akikasirika kwa rangi zake zote, na macho yangu yalimwona mweupe, kama siku zote alivyokuwa kabatini. Hilo ndilo nililolipa kwa kushuka: nitakufa bila kujua rangi yake.